Jua la saa nane bichi: jinsi ya kulibana kwa flashi ndogo uliyonayo

Wadau wa picha, kama unapiga harusi hapa Dar ratiba unaijua, ndoa inafungwa kanisani saa sita au saba, wakitoka hapo kamati imeshapanga "picha za bichi" saa nane, ukumbini ni jioni, na hiyo saa nane hakuna mtu wa kamati aliyemuuliza mpiga picha jua litakuwa wapi. Linakuwa huko juu kabisa. Bibi harusi amepakwa meikapu ya hela ndefu, we unampiga macho yanatoka mashimo mawili meusi, kivuli cha pua kimeshuka mdomoni kama masharubu, bwana harusi kakunja uso kama kakutana na mdai wake, na anga nyuma yao nyeupe pee kama karatasi. Ukiongeza mwanga sura zionekane anga inaungua, ukibana anga irudi bluu watu wanakuwa weusi tii.

Dawa yake ni flashi. Najua kuna watu wanacheka, flashi mchana kweupe ya nini. Mama mkubwa wa bibi harusi mmoja alishawahi kunisogelea kwa huruma kabisa, "Mwanangu, taa yako umesahau kuzima." Nikampa shikamoo yake, nikamwambia mama hii leo ndo inapambana na jua. Akatazama juu, akatazama kale kaflashi, akaondoka zake kimya.

Na alikuwa na haki yake, maana kaflashi ka betri nne hakawezi kulipiga jua kwa ubavu. Ni ujanja tu. Unalibana jua kwenye kamera, afu unaisogeza flashi karibu na mtu mpaka pale usoni tu, sehemu ndogo ile, flashi inafikia nguvu ya jua au inalizidi. Bahari na anga hazipati flashi hata chembe kwa hiyo zinabaki zimebanwa, zina rangi yake. Basi, kazi iliyobaki ni kufika hapo bila kujichanganya, na wengi tunajichanganya kwa sababu tunaanza na flashi badala ya kuanza na jua.

Chukulia una taa mbili, jua na flashi, ila ya kwanza swichi yake huishiki. Flashi inawaka kwa muda mfupi mno, shata (ule mlango wa kamera unaofunguka kuingiza mwanga) ikikaa wazi kidogo au sana haiongezi wala kupunguza, mwanga wake ushaingia wote. Jua linamiminika muda wote shata ikiwa wazi. Ndo maana shata ni bomba la jua peke yake, apacha (tundu la lenzi, namba yake ya f ikikua tundu linabana) na ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) zinabana vyote viwili, na pawa ya flashi pamoja na umbali wake kutoka kwa mtu ni vya flashi peke yake. Ukivurugwa site, simama ujiulize kinachokukera ni bakgraundi au ni sura. Sura imeungua? Shusha pawa ya flashi au irudishe nyuma. Bakgraundi imeungua? Kaza shata, na shata ikigota ndo unaingia kwenye apacha, ila hapo kumbuka flashi nayo umeibana.

Sasa tuanze. Flashi zima kwanza. Kamera weka manyuali, auto hapa ni kujitafutia kesi, kila bibi harusi akigeuka na shela lake jeupe kamera inabadili mawazo. ISO shusha mpaka chini kabisa, 100, na kama yako ina 64 ya kweli weka hiyo. Shata weka 1/200. Apacha anza na f/11. Hizo namba sijaziokota, kuna ile kanuni ya wazee wa filamu kwamba jua likiwa kali anga haina wingu unaweka f/16 na shata inalingana na ISO, yani ISO 100 shata 1/100, sasa ukikaza shata kwenda 1/200 unafungua apacha stopu moja (stopu ni mwanga kuwa mara mbili au kubaki nusu) inakuwa f/11, ni kitu kilekile. Piga bichi tupu bila mtu. Utaona picha ya kawaida, bahari imekaa kama ilivyo. Halafu bana kwenda f/16, piga tena. Hapo anga imeanza kuwa bluu yenye kina, mawingu yana maumbo, maji yametulia. Mimi naishia hapo, stopu moja, mara chache moja na nusu. Kuna vijana wanabana stopu tatu watu wanaonekana kama wamebandikwa usiku wa mbalamwezi saa nane mchana, ni ladha yao, ila mteja akiniletea picha ya hivyo kama mfano namwambia ukweli kwamba ndani ya mwaka ataichoka.

Kwa nini 1/200 na sio 1/1000, hapa ndo wengi wanaumia na mimi niliumia. Kuna kitu kinaitwa spidi ya sinki, sio sinki ya kuoshea vyombo, ni ile spidi ya mwisho ambayo shata na flashi bado vinaelewana. Shata ya kamera zetu nyingi ni mapazia mawili, la kwanza linafungua, la pili linafuata kufunga. Mpaka 1/200 au 1/250 kutegemea na kamera yako, kuna nukta ambapo pazia la kwanza limemaliza na la pili halijaanza, sensa yote (kile kibao cha ndani kinachopokea picha) iko wazi, flashi inawaka hapo. Ukipita spidi hiyo pazia la pili linaondoka kabla la kwanza halijafika, sensa inaona dunia kupitia kaufa kanakotembea, flashi ikiwaka inakuta sehemu imeshazibwa.

Harusi yangu ya kwanza bichi nilikuwa na flashi ya manyuali na triga (kale kadude ka kuwasha flashi ikiwa mbali na kamera) ya bei ya chini kabisa, triga ambayo haiongei na kamera, inaambiwa tu "waka" inawaka. Flashi ikiwa juu ya kamera, kamera nyingi zinakuzuia kupita sinki, lakini triga ya namna hiyo kamera haijui hata kama kuna flashi, kwa hiyo niliweka 1/500 nikijiona mjanja na hakuna aliyenizuia. Kwenye skrini juani nikaona sura zinawaka vizuri nikafurahi. Nyumbani usiku nafungua kwenye kompyuta, bibi harusi uso na mabega yanang'aa, kuanzia kifuani kwenda chini shela limekuwa kama limechovywa kwenye chai. Na kwa sababu ni mchana ile sehemu iliyozibwa haiwi nyeusi kabisa, jua bado linaingia, inakuwa tu ya giza giza, ndo maana kwenye kaskrini hukioni. Picha 60 na kitu, zote hivyo. Nilikata kuanzia kifuani kwenda juu nikampa, nikamwambia ni staili.

Kwa hiyo fanya hili jaribio leo usiku nyumbani kabla hujaenda kwa mteja. Zima taa, elekeza kamera kwenye ukuta mweupe, flashi kwenye triga uliyonayo, piga 1/160, 1/200, 1/250, 1/320. Pale ukuta unapoanza kuwa na mstari wa giza upande mmoja, rudi hatua moja, hiyo ndo sinki yako halisi. Usiamini kilichoandikwa kwenye boksi, triga nyingine zinachelewa kidogo unajikuta kamera ya 1/250 inakubali 1/200 tu.

Haya, sasa tupo ISO 100, 1/200, f/16, bakgraundi nzuri, watu weusi. Washa flashi. Na hapa naomba unisikilize kuliko sehemu zote, tatizo lako karibu kila mara ni umbali, sio ukubwa wa flashi.

Flashi zina namba ya nguvu inaitwa GN (guide number), chukua hiyo namba gawanya kwa apacha unapata mita ambazo flashi inafika kwa pawa yote kwenye ISO 100. Flashi zetu hizi za kawaida zinajisifia GN 60, ila hiyo ni zumu ya kichwa cha flashi ikiwa 200, mwanga umebanwa kama tochi. Kwenye zumu ya 35 inakuwa kwenye 36 hivi. 36 gawanya kwa 16 ni mita 2 na robo. Yani kwa f/16 flashi yako ikiwa mita 2 kutoka kwa maharusi, pawa yote, bila kitu mbele, ndo inalingana na kazi. Ukiweka mwavuli wa kulainisha mwanga unapoteza kama stopu mbili, unabaki na mita moja na kidogo. Sasa mwenzangu unaiacha flashi juu ya kamera umesimama mita 5 na lenzi ya 85, unategemea nini? Itawaka, utaona imewaka, na kwenye picha haipo.

Mwanga wa flashi ukienda umbali mara mbili unabaki robo. Ukigeuza hiyo hesabu ni habari njema, ukiisogeza kutoka mita 2 kuja mita 1 unapata stopu mbili, bure. Flashi ya pili inakupa stopu moja tu, stopu mbili zinataka flashi nne. Nimeona watu wanakopa kununua taa ya wati 600 wakati stendi ilikuwa inahitaji kusogezwa hatua mbili. Isogeze mpaka ikaribie kuingia kwenye fremu, afu rudisha kidogo. Na ikiingia kona ya picha sio mwisho wa dunia, anga inafutika kirahisi kwenye kompyuta, kuliko kuongeza mwanga ambao haukuwepo.

Jua lenyewe halina habari na hatua zako. Liko mbali kiasi kwamba ukisogea mita 10 nguvu yake ni ileile, ndo maana ukishaliweka kwenye kamera linabaki hapo mpaka wingu lipite. Hapa ndo tunalishinda.

Halafu zile paneli za LED za video, naulizwa sana. Kwa jua la mchana usijisumbue. Flashi inakusanya umeme sekunde kadhaa inaumwaga wote kwa mara moja, LED inautoa kidogo kidogo, kwenye 1/200 ya sekunde unapata tone. Chumbani inapendeza, bichi saa nane huwezi hata kujua kama umeiwasha.

Tatizo la f/16 ni moja, kila kitu nyuma kinaonekana, mpaka muuza mihogo na boda aliyepaki. Ukitaka bakgraundi ilegee unahitaji f/4 au f/2.8, jua haliruhusu. Njia ziko mbili. Ya kwanza ni HSS (high speed sync, yani kusinki kwa spidi kubwa), kama flashi na triga zako zinayo. Flashi badala ya kuwaka mara moja inapiga mfululizo haraka haraka wakati ule upenyo unatembea, kwa hiyo unaweza kwenda 1/1600 na f/5.6 na mwanga wa jua unabaki uleule. Watu wanadhani HSS ni nguvu. Ni kinyume, inakula nguvu, unapoteza stopu mbili hivi au zaidi palepale, kwa hiyo ile flashi ya mita 2 inakuwa ya mita 1. Njia ya pili ni filta ya ND, miwani ya jua ya lenzi. ND8 inakata stopu tatu, ile f/16 yako inakuwa f/5.6 na shata inabaki 1/200, jua na flashi vimekatwa sawasawa, flashi inafanya kazi ileile iliyokuwa inafanya, hakuna ilichopoteza. Kwa flashi ndogo mimi ni mtu wa ND. Fokasi inaweza kusumbua kidogo lenzi ikivaa miwani, na filta za bei ya kutupa zinaleta rangi ya ajabu ngozi inakuwa kama ina homa ya manjano, nunua moja nzuri ya lenzi unayotumia sana. Kama una filta ya polaraiza begini nayo inakata stopu moja na nusu mpaka mbili na inakoleza anga, sio mbaya ukiwa umekwama.

Wenye Fuji X100 hamna shida hizi, shata yake iko ndani ya lenzi inasinki juu zaidi na ND imejengewa humo humo. Na Sony walitoa a9 III mwaka 2023, sensa yake inasoma yote kwa mpigo, inasinki mpaka 1/80000. Bei yake usiitafute ukiwa na njaa.

Tuje kwenye kuwasimamisha watu, maana hapa flashi inaokolewa au inauawa. Kila darasa la mtandaoni litakwambia weka jua nyuma ya mtu. Sawa, ila nenda Coco Beach saa nane uone. Bahari yetu iko mashariki, jua mchana limeshavuka kwenda magharibi, ukitaka bahari nyuma yao maharusi wanatazama magharibi, jua linawapiga usoni na macho wanafumba. Asubuhi ndo bahari na jua vinakuwa upande mmoja. Mchana ukilazimisha jua nyuma unaingia majini na viatu, bakgraundi inakuwa barabara na magari.

Ninachofanya, natafuta mvinje au mkungu wenye kivuli kizito, nawaweka ndani ya kivuli hatua moja tu kutoka ukingoni, bahari nyuma yao iko juani. Jua usoni halipo tena, macho yanafunguka, na bila flashi pale wangekuwa giza. Kamera naiseti kwa ajili ya bahari, flashi naiweka upande, digrii 45 hivi, juu kidogo ya macho yao, ikielekea chini. Sasa uso wote ni wa flashi, hakuna kivuli cha jua cha kugombana nacho. Hakikisha hakuna vile vipande vya jua vinavyopenya kwenye majani vikatua shavuni, flashi haivifuti. Hakuna mti? Ile riflekta ya duara inayokunjwa, vua gamba lake, kile kitambaa cheupe cha ndani kijana wako wa kukusaidia akishike juu ya vichwa vyao. Ikishindikana kabisa piga kwa urefu wa ufukwe, jua liwe ubavuni kwa nyuma, flashi ije upande wa kivuli.

Shela na kanzu, hapo uwe macho. Kitu cheupe kikiwa karibu na flashi kuliko uso kinaungua kabla uso haujafika. Bibi harusi ukimweka upande wa flashi na bwana harusi wa suti nyeusi upande wa mbali, shela limeisha na suti ni shimo. Badilisha, suti iwe karibu na flashi, shela mbali. Au geuza kichwa cha flashi kidogo ili katikati ya mwanga ipite mbele yao, wapate ukingo wake tu. TTL (pale kamera inapoipangia flashi pawa yenyewe) kwenye mchanganyiko huu wa nyeupe na nyeusi inababaika, picha moja hivi nyingine vile, mi naweka manyuali na nikishapata umbali natumia hata kamba kupima, kijana hasogei.

Na ngozi zetu hizi nyeusi juani zinatoa jasho, flashi tupu ikipiga jasho inaacha vidoa vyeupe kwenye paji la uso kama kioo. Begini usikose tishu za kukandamizia, unakandamiza hupangusi, ukipangusa umeondoka na meikapu ya watu. Mwavuli au softiboksi (lile boksi la kitambaa la kulainisha flashi) hata ndogo, ikiwa karibu sana, inatandaza ule mng'ao unakuwa mzuri kabisa, ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta. Skrini juani usiiamini, washa zile alama za kupepesa zinazoonyesha palipoungua na uangalie histogramu (ile grafu ya mwanga wa picha), nami nabeba kitenge najifunika kichwani nikiangalia. Watu wanacheka, wacheke.

Upepo sasa. Mwavuli kwenye stendi bichi ni tanga la ngalawa, wangu ulishawahi kuondoka na flashi ukaenda nayo kichwa chini kwenye mchanga. Beba kiroba kitupu cha mchele na kamba, ukifika unakijaza mchanga unakifunga kwenye mguu wa stendi. Bora zaidi ni kijana ashike flashi kwenye fimbo, maana mtu anasogea na maharusi, stendi haisogei. Betri za kuchaji seti tatu angalau. Ukipiga pawa yote mfululizo flashi inachemka inakugomea, hesabu sekunde kadhaa kati ya picha na picha, na usiilaze juu ya begi jeusi juani, iweke kivulini kama unavyoweka maji ya kunywa.

Ikifika saa kumi na moja jua linashuka lenyewe, unafungua apacha stopu kwa stopu, flashi unaishusha nusu pawa, robo pawa, betri zinapumua. Jua limekuwa la dhahabu na flashi bado ni nyeupe, bandika kajeli (kale kaplastiki kanakopitisha mwanga) ka rangi ya machungwa kwenye kichwa chake vifanane.

Afu kabla ya kuingia ukumbini vua ND. Siku moja nilifika na maharusi wanaingia wanacheza, kamera imekuwa kipofu, nikapandisha ISO mpaka 12800, nikabadilisha betri, nikabadilisha flashi, nikamlaumu fundi wa taa za ukumbi kimoyomoyo. MC anatangaza keki ndo najifuta jasho, mkono unagusa lenzi, filta hiyo hapo.